Sahihi ya kupokea barua: maswali mnayotuuliza kila mara

Meza yetu iko Katuba, Lubumbashi. Watu huja hapa kuandikiwa barua, kusomewa walizopokea, na zaidi ya yote kuuliza: "Nisaini au nisisaini?" Maswali yanarudi yale yale, kwa hiyo tumeyaweka pamoja na majibu yake. Siku hizi pia kuna wanaosema posta ziache kabisa kudai sahihi. Sisi tuna neno juu ya hilo, liko sehemu ya tatu.

## 1. Mambo ya mwanzo

Sahihi ya kupokea ni nini hasa?

Ni alama unayoweka kwa mkono wako kuonyesha kwamba barua fulani imekufikia siku fulani. Haisemi kwamba umeisoma, wala kwamba umekubali yaliyomo. Uzito wake wote uko kwenye mambo matatu: nani amepokea, lini, na amepokea barua gani. Likikosekana moja, sahihi hiyo inapungua nguvu.

Barua zote zinasainiwa?

Hapana. Barua ya kawaida yenye stempu haina namba wala sahihi. Inatiwa sandukuni na safari yake inaishia hapo. Inayosainiwa ni rekomande, ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanaiita barua ya rejista. Utaratibu huu ni wa zamani: Uingereza iliuanza mwaka 1841, mwaka mmoja tu baada ya stempu ya kwanza, na Kongo imo katika Umoja wa Posta Duniani tangu 1886.

Ukitaka kuitambua rekomande inayovuka mpaka, tafuta kibandiko chenye herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ilikotoka. Mfano: RR 102030405 CD. Herufi R ya mwanzo ni rekomande, E ingekuwa barua ya haraka ya EMS. CD ni kwetu, ZM ni Zambia, FR ni Ufaransa. Tarakimu ya tisa ni mlinzi wa zile nane za mbele. Chukua 1, 0, 2, 0, 3, 0, 4, 0, uzizidishe kwa mfuatano na 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7, kisha ujumlishe: unapata 61. Gawanya kwa 11, inabaki 6. Toa 6 kwenye 11, unapata 5, na ndiyo tarakimu ya mwisho. Karani akikosea kunakili tarakimu moja, karibu kila mara hesabu inagoma. Tunaipenda sana hesabu hii, maana inaonyesha kazi waliyoifanya watu ili barua moja isichanganywe na nyingine.

Mtumaji akiongeza malipo, rekomande ya ng'ambo inasindikizwa na kadi ya pinki iitwayo CN 07. Unaisaini wewe uliyepokea, nayo inarudi kwake.

Muhuri wa posta hautoshi?

Muhuri unaonyesha siku barua ilipoanza safari. Sahihi inaonyesha siku ilipofika. Katikati hapo ndipo watu wanapoumia. Barua ikigongwa muhuri Kinshasa tarehe 3, ikakufikia tarehe 24, na ndani imeandikwa "una siku 15 za kujibu", ukihesabu kwa muhuri umeshachelewa kabla hujaiona bahasha.

Lakini hapa kwetu nani analeta barua mpaka mlangoni?

Swali zuri. Posta ya serikali, SCPT (wazee bado wanaiita OCPT), inafanya kazi zaidi kwa masanduku ya posta, zile B.P. Rekomande ikifika, unakuta sandukuni karatasi ya kukuita, unakwenda gisheni, yaani kwenye dirisha la posta, na kitambulisho, unasaini pale.

Barua nyingi nzito za mjini hazipiti huko. Zinapelekwa kwa mkono: unatoa kopi mbili, sekretari anabaki na moja, ya pili anaigonga muhuri, anaandika tarehe na jina lake, unarudi nayo nyumbani. Au mtumishi anazunguka na kaye (daftari) ya ofisi chini ya kwapa, na biki imefungwa kwa uzi. Au barua inapandishwa basi la Likasi, Kolwezi au Kasumbalesa, na unaifuata kwenye ajansi, unaonyesha kadi ya mpiga kura, unasaini bordero, ile orodha ya mizigo. Tunayosema hapa chini yanahusu njia hizi zote.

## 2. Wakati wa kusaini

Nikisaini, nimekubali yaliyoandikwa ndani?

Hapana, hapana kabisa. Tunaulizwa hili kuliko maswali mengine yote, na hofu hii imeshawadhuru watu wengi. Baba mmoja alikuja hapa amemkimbia mtumishi wa ofisi mara tatu, anapitia mlango wa nyuma wa lupango (ua wa nyumba), kwa sababu aliamini akisaini barua ya kusimamishwa kazi amekubali kusimamishwa. Siku alizokuwa anakimbia ndizo siku ambazo angekuwa anaandika malalamiko yake.

Kama moyo hautulii, andika juu ya sahihi yako: "Nimepokea, bila kukubali yaliyomo." Ni maneno halali. Ila kuwa macho na karatasi mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kuna wanaoleta barua pamoja na "makubaliano" na kuomba sahihi mbili haraka haraka. Ya kupokea, weka. Ya makubaliano, kaa uisome kwanza, hata kama mtu anasimama juani anakusubiri.

Nikikataa kusaini, barua si itakuwa haijanifikia?

Usitegemee hilo. Kanuni yetu ya mwenendo wa kesi za madai, ya tarehe 7 Machi 1960, inaruhusu hati ya mahakama kuletwa na mjumbe wa kawaida kwa kusainiwa risiti. Anayesaini ni mhusika mwenyewe au mtu mwingine anayekubaliwa na kanuni, kwa mfano wa familia yake, na uhusiano wao unaandikwa. Wakikataa, mjumbe anaandika kwenye risiti kwamba wamekataa, na mambo yanaendelea. Wisie, yaani afisa wa mahakama anayepeleka hati, naye anaandika amefika wapi na amezungumza na nani. Kukataa kunakupotezea nafasi ya kuandika tarehe ya kweli kwa mkono wako, na hiyo ndiyo silaha pekee uliyopewa siku hiyo.

Nani anaweza kusaini badala yangu?

Kwa rekomande, ni uliyempa ruhusa ya maandishi, naye aje na kitambulisho chake na chako. Kwa hati ya mahakama, ni kama tulivyosema kwenye jibu lililotangulia. Kwa barua za kaye za ofisi hakuna anayefuata kanuni yoyote, na hapo niache niseme la kwangu mwenyewe.

Mama yangu ni mjane, anakaa Ruashi, kwenye lupango lenye familia nne. Ofisi fulani ilimwandikia alete karatasi za kiwanja kabla ya siku iliyotajwa. Mtumishi alifika mchana, mama yuko sokoni. Akamwita mtoto wa mpangaji, kijana wa kama miaka 14, akampa biki. Kijana akasaini, akaweka bahasha juu ya kabati la kwao, akaenda kucheza mpira. Baada ya wiki mbili familia ile ilihama na kabati lao.

Mama alipoitwa, siku zilikuwa zimepita. Wakamfungulia kaye na kumwonyesha kidole: "Mama, ulipokea, sahihi yako hii hapa." Niliiangalia kwa muda mrefu sahihi ile. Kitanzi kimoja na mkia, kama ndoana ya kuvulia samaki, kwa wino wa bluu, kimevuka mstari na kuingia kwenye nafasi ya barua iliyofuata. Hakuna jina. Hakuna saa. Na mama yangu hajui kuandika: kwenye karatasi zake zote, tangu cheti cha ndoa, kuna kidole gumba. Tuliwaeleza. Iliwachukua miezi kukubali kwamba mtu asiyejua kushika biki hakusaini.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: anayesaini badala yako awe mtu mzima, aandike jina lake kamili, aseme ni nani kwako. Na wewe mpelekaji unayesoma hapa, usimpe mtoto biki.

Asiyejua kuandika afanyeje?

Aweke kidole gumba. Mtu wa pili aliyepo aandike pembeni: "Kidole cha fulani, mbele yangu," na jina lake mwenyewe. Kabla ya wino kugusa kidole, asomewe jina la mtumaji lililo kwenye bahasha. Ni heshima ndogo inayochukua nusu dakika.

Bahasha imefika imefunguliwa au imelowa. Nisaini?

Andika kwanza, saini baadaye: "Imefika imefunguliwa upande wa kushoto," kisha sahihi, tarehe na saa. Ukisaini tupu ukalalamika kesho, watakuambia uliifungua wewe. Siri ya barua inalindwa na kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya 2006, kwa hiyo usione aibu kusimamisha mstari wa watu gisheni kwa jambo hili.

## 3. Je, sahihi iondolewe?

Nchi nyingine zimeacha. Kwa nini sisi tuendelee?

Tuangalie zimeacha nini. Mwaka 2020, wakati wa korona, posta za nchi nyingi zilisitisha kumpa mpokeaji kalamu au kifaa. Marekani, mpeleka barua alisogea nyuma, akamuuliza mtu jina, akaliandika yeye mwenyewe. Uingereza nako wapeleka barua waliacha kuwapa watu vifaa vyao washike. Sababu ilikuwa ugonjwa. Hakuna aliyesema kwamba kujua nani amepokea hakuna maana tena.

Denmark imekwenda mbali zaidi. Posta yake, PostNord, iliyorithi kazi iliyoanza mwaka 1624, ilipanga barua yake ya mwisho kuwa ya tarehe 30 Desemba 2025. Barua zilikuwa zimeshuka kutoka bilioni 1.4 mwaka 2000 hadi milioni 110 mwaka 2024. Lakini tangu 2014 kila Mdenmark wa miaka 15 na zaidi ana sanduku la barua la serikali kwenye intaneti, labda aombe kuondolewa. Posta hiyo iliacha barua za karatasi baada ya watu kupewa mahali pengine pa kupokelea. Sisi bado tunapeleka barua kwa kusema "lupango la tatu baada ya pompa, geti la bluu". Mtu hawezi kuvua viatu vya zamani akiwa katikati ya miiba, kabla hajapata vipya.

Basi ninyi mnataka kila barua isainiwe?

Hata kidogo. Kadi za Noeli, mialiko, magazeti, risiti, barua za shangazi: zipite bila sahihi. Kumsimamisha mama mwenye beseni kichwani asaini tangazo la biashara ni kumsumbua bure, na kunamzoesha kusaini bila kuangalia.

Tunachokidai ni kwa barua zinazoanzisha hesabu ya siku: kufukuzwa kazi, kuhamishwa nyumba, kuitwa mahakamani, kudaiwa kodi, kupokonywa kiwanja. Kwa hizo sahihi ibaki, tena iimarishwe: jina kamili, undugu na mwenye barua, namba ya kitambulisho, tarehe, saa, na kipande cha karatasi kinachobaki mkononi mwa aliyepokea.

Sababu yetu ni moja. Katika safari nzima ya barua, mtumaji anaandika, karani anagonga muhuri, dereva ana bordero yake, mpelekaji ana kaye yake. Mpokeaji anapata nafasi moja tu ya kuandika kitu, na ni pale anaposaini. Pale ndipo anapoweza kuweka tarehe ya kweli, kusema bahasha imechanika, kusema hakubali. Ukiiondoa nafasi hiyo, habari yote ya barua inabaki mikononi mwa waliomtumia. Watu husema sahihi inamlinda mtumaji. Tangu yaliyompata mama tumeshika kwamba inamlinda zaidi anayepokea, ikiwekwa ipasavyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la barua liwe la pande zote mbili.

Picha ya bahasha mlangoni haitoshi?

Picha inapigwa na mpelekaji, kwa simu ya mpelekaji, inakaa kwa mpelekaji. Inaonyesha geti. Kwenye lupango la familia nne, geti ni la watu ishirini. Iwe nyongeza, sawa.

Na kodi, yaani namba ya siri, inayotumwa kwa SMS?

Inasaidia kuliko picha. Lakini kodi inathibitisha nani ameshika simu, na simu nyingi hapa zinashikwa na zaidi ya mtu mmoja: namba ni ya mama, simu iko na mtoto chuoni Kolwezi. Umeme ukikatika siku mbili, simu iko kwenye duka la kuchajia na kodi inasomwa na mwenye duka. Tungependa kodi iambatane na jina, isichukue mahali pa jina.

Kusaini kwa kidole kwenye skrini ya mpelekaji, je?

Kisheria hakuna shida na sahihi ya kielektroniki yenyewe (tazama jibu linalofuata). Shida ni vitendo: mstari unatoka kama wa mtu anayetetemeka, haufanani na wa kwenye kitambulisho chako, na hupewi nakala. Kabla ya kugusa, omba uone skrini nzima: jina la nani limeandikwa, na tarehe gani. Kisha piga picha kwa simu yako.

Sheria yetu inadai sahihi ya biki?

Mara nyingi inadai uthibitisho, na njia inakuachia. Mfano mzuri ni sheria za OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, zinazotumika Kongo tangu Septemba 2012. Kifungu cha 133 cha sheria ya biashara kinasema kwamba kabla ya kwenda mahakamani kuvunja mkataba wa pango la biashara, lazima onyo litolewe na wisie, au kwa njia yoyote inayowezesha kuthibitisha kwamba mhusika amelipokea kweli. Zingatia "amelipokea kweli". Mwenye nyumba aliyepiga picha ya geti bado ana kazi ya kufanya.

Nayo sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inakubali maandishi na sahihi za kielektroniki, mradi ijulikane zimetoka kwa nani na kwamba hazikubadilishwa. Ulaya wana kanuni namba 910 ya 2014, inayoitambua hata rekomande ya kielektroniki. Mlango uko wazi. Kinachotakiwa ni kwamba chombo kipya kijibu maswali yale yale: nani, lini, barua gani.

## 4. Visa vigumu

WhatsApp imeonyesha alama mbili za bluu. Huo si upokezi?

Unaonyesha kwamba ujumbe ulifunguliwa kwenye simu ile. Nani alikuwa ameishika, ni swali jingine: tazama jibu la kodi ya SMS hapo juu. Na mtu anaweza kuzizima alama hizo. Afadhali mwombe ajibu kwa maneno: "Nimeipata barua ya tarehe fulani." Jibu lake lina nguvu kuliko rangi.

Nilituma rekomande ng'ambo, kadi ya pinki haijarudi.

Kadi inaweza kupotea hata kama barua yenyewe imefika. Nenda na risiti uliyopewa gisheni, uombe ufuatiliaji kwa fomu ya CN 08. Una miezi 6 tangu ulipotuma. Bila risiti huna la kusimamia, kwa hiyo usiifunikie sukari.

Barua imesainiwa na mtu nisiyemjua.

Omba kuiona sahihi yenyewe, na uombe nakala. Andika siku hiyo hiyo barua ya kueleza lini umeipata au umesikia habari zake, uweke pamoja kopi ya kitambulisho chenye sahihi yako au kidole chako. Peleka kopi mbili, ya pili igongwe muhuri. Usibishane kwa mdomo resepsioni: ya mdomo hayabaki kwenye faili.

Mwenye barua amefariki.

Usisaini jina lake, hata kama ni baba yako na mpelekaji anakuharakisha. Saini jina lako, andika "mtoto wa marehemu". Au iache irudi ikiwa na maandishi kwamba mhusika amefariki.

Mpelekaji anataka nisaini kwa tarehe ya juzi.

Hili linaongezeka. Mtumishi amechelewa kuzunguka, anakuja Alhamisi na kaye iliyoandikwa Jumatatu, anakuomba kwa upole: "Yaya (dada), nisaidie, shefu atanikasirikia." Msaidie kwa njia nyingine. Siku tatu hizo zinaweza kuwa ndizo ulizobakiwa nazo. Kata tarehe iliyoandikwa kwa mstari mmoja, bila kuifuta, andika ya leo na saa, saini pembeni yake. Akinuna, anune.

Niweke kaye yangu nyumbani? Niandike nini?

Ndiyo, hata ya kurasa 32. Piga safu sita za wima: tarehe na saa, jina la mtumaji kama lilivyo kwenye bahasha, jina la aliyeleta, jina la aliyepokea, barua inataka jibu kabla ya lini, na mahali bahasha ilipowekwa. Safu ya sita watu wanaiona mzaha. Kwenye kaye ya mama, ambayo mjukuu wake ndiye anayeiandika, safu hiyo ina maneno yale yale kutoka juu mpaka chini: "chumbani kwa bibi, ndani ya kopo la biskuti". Kila mpangaji mpya wa lupango anaonyeshwa kaye ile siku ya kwanza, pamoja na mahali pa kutupia takataka.